Baba, Kwa Nini Hukupiga Nduru

Baba,

Mgeni wako amefika. Ndivyo ungesema kama ungeniona nikiingia na mfuko wangu, kwa sababu Mueni kwa Kikamba ni mgeni, na tangu nihamie Makindu na cherehani yangu hukuchoka kunichokoza kwa jina ulilonipa mwenyewe. "Mgeni wangu amefika, mshikieni kuku kabla hajakimbilia basi." Siku hizi nafika na hakuna anayesema kitu. Mbwa ananinusa, anarudi kulala. Mama anatoa kichwa jikoni na kuniuliza kama nimekula.

Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, kile ambacho wajukuu walikuwa wakikikalia na wewe unajifanya umekasirika. Kutoka hapa kilima kinaonekana chote. Huku chini mvua imeleta kijani kidogo, lakini juu bado ni kweusi na migunga imesimama mitupu. Kila mara macho yangu yanautafuta ule mti wako wa mizinga ya nyuki, na kila mara yanaupata haraka kuliko ninavyotaka.

Nina hasira na wewe, Baba. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kulia, maana nikianza leo sitamaliza barua. Nakulilia mpaka mbavu zinauma, na bado nina hasira.

Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa moto hapa Matinyani. Si chifu, si askari wa misitu. Wewe. Kila kiangazi ulisimama barazani na ile kofia yako ya kanisani ukawakaripia watu wazima wenye wajukuu. Wale wanaochoma malisho ili nyasi mpya zichipuke mvua ikija, uliwauliza, "Hiyo mvua, nani amekuahidi?" Na mwaka ule mvua ilipokataa kweli, wakabaki na ng'ombe wanaonusa majivu, hukuwacheka. Uliwaacha waje wakate nyasi kwenye matuta ya shamba letu mpaka Mama akalalamika. Wale wanaosafisha shamba kwa kiberiti mchana wa upepo ulikuwa na jina lao, na sitaliandika hapa kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa.

Hata Makindu uliniaibisha. Ulikuja kunitembelea, ukamwona utingo wa lori akitupa kipande cha sigara kwenye nyasi za kando ya barabara, ukavuka lami yote ile na bakora yako kwenda kumwonyesha alichofanya. Wateja wangu walitoka nje kutazama, mmoja na nguo yenye pini begani. Aiya, nilitaka ardhi inimeze. Jioni hiyo milima ya Chyulu ilikuwa ikiungua, ule mstari mwekundu tunaouona kule karibu kila kiangazi, ukasimama mlangoni pangu mpaka chai ikapoa. Ukasema, "Kuna mtu huko ambaye asubuhi angeuzima huo kwa kiatu." Halafu ukaniomba nikupashie chai.

Na sisi wanao ulitufundisha nduru. "Ukiona moto, piga nduru kwanza. Tawi utalitafuta baadaye." Ulitusimamisha kwenye kichuguu, mimi na Ndinda, ukataka kila mmoja apige mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wasikie. Mimi nilifaulu mara ya kwanza, si unaujua mdomo wangu. Ndinda alitoa kisauti chembamba, ukasema hiyo ni ya mbuzi aliyekanyagwa, arudie. Akarudia, ikawa ile ile. Mama alitoka mbio na panga akidhani tumeona nyoka, akakukuta umeshika mbavu kwa kicheko. Ulipotulia ukatueleza kwamba moto ukishika kilima unapanda kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na mtu mmoja mwenye tawi moja ni kuni tu. Lakini watu wengi wenye matawi mabichi wanaweza kuuingilia ubavuni na kuukata vipande. Kwa hivyo kabla ya tawi, kabla ya maji, kabla ya jembe, sauti. Hayo niliyashika kuliko mistari ya Biblia.

Sasa niambie. Kwa nini wewe hukupiga?

Mambo ya siku ile nimeyaunganisha kwa vipande. Wageni wa Ndinda walikuwa waje Jumamosi kuleta mbuzi wa ntheo, ili ijulikane nyumba hii ina posa. Mama alikuwa ameshatwanga mahindi ya muthokoi. Nilikuambia kwa simu kwamba nitabeba sukari na jemu kutoka Makindu, ukacheka, ukasema vitu vya duka ni vya watu wasio na mizinga. Ulitaka asali yako iwe mezani, wakwe waonje wajue wamefika kwa nani. Lakini kilikuwa kiangazi, upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na sheria ilikuwa yako mwenyewe: asali ya kilimani hairinwi majira hayo. Na hata majira yakifika, nyasi za chini ya mti zinafyekwa kwanza, na mwenge unazimwa kwenye mchanga kabla mtu hajashuka. Ulitulazimisha tuikariri sheria hiyo.

Ulipanda jioni peke yako na mwenge wa magome na ule mkebe wa Mama wa mafuta ya kupikia, wenye mkono wa waya. Hukufyeka kitu. Macho yako yalikuwa yameanza kukuacha na hukutaka mtu ajue. Nyuki waliingia ndani ya shati ukiwa juu ya mti, mwenge ukakuponyoka, na ulipofika chini moto ulikuwa bado mdogo, wa kukaa kwenye kikapu. Ukavua koti, ukaanza kuupiga. Kimya kimya. Ukitumaini utazimika kabla mtu hajaona.

Ni haya, Baba, ni aibu. Haya tu ndiyo iliyokuua. Mtu wa moto ameangusha moto. Watu walikuwa njiani wakirudi kutoka bwawa la silanga na punda wao, wangekusikia. Hata kisauti cha mbuzi aliyekanyagwa kingetosha.

Walipouona moto, ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye miamba na upepo unaugeuza. Wanawake wa mwethya, wale unaowajua, kikundi chetu cha kusaidiana mashambani, walitoka wote na matawi na majembe. Ule mstari wa udongo mtupu mnaoulima pamoja kila mwaka chini ya kilima ndio uliookoa nyumba. Moto ulifika hapo, ukakosa cha kula, ukazunguka. Lakini juu hakukubaki kitu. Visiki viliendelea kuungua chini ya ardhi hata baada ya watu kudhani wamemaliza, na ikawa kazi ya kupanda na kushuka na maji ya kumwagia mashimo yanayotoa moshi.

Nilikukuta hospitalini Kitui umefungwa mikono yote miwili. Ulimtuma Mama nje akatafute chai. Ukaniita kwa macho, ukasema, "Mueni, ule moto ni wangu." Nilidhani ni dawa zinaongea. Ukarudia, ukanieleza habari ya mwenge na nyuki. Kisha ukasema, "Mama yako asijue. Nizikwe kwanza." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana uliyoniachia. Baada ya hapo ulikuwa unaomba maji tu, na kuuliza kama wageni wa Ndinda wamekula.

Basi tukakuzika. Watu walijaa mpaka nje ya ua. Mchungaji alisema umetoa uhai wako kuzima moto uliowashwa na mkono wa mtu asiyemcha Mungu, na watu wakaitikia amina, na vichwa vikageuka kidogo kutazama upande mmoja. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono. Nilitazama viatu vyangu.

Walikuwa wanamtazama Mutinda. Mutinda wa makaa, yule kijana aliyetoka upande wa Mwingi akakodi kipande pale chini ya kilima. Mligombana sana juu ya tanuri lake, mpaka akaanza kupalilia udongo mtupu kulizunguka pande zote, ndipo ukaanza kumsalimia. Lakini palipoungua, na hapo hapo kuna mchoma makaa, nani atahangaika kuuliza zaidi? Vijana walilibomoa tanuri kabla hata hujafa. Mke wake akifika bombani, wenzake walivuta mitungi yao kando. Watoto wake walirudi kutoka shule wakilia na wakakataa kwenda tena. Siku ya mazishi Mutinda alisimama nje ya ua na kofia mkononi, hakuna aliyempa kiti wala sahani. Na huyo, Baba, ndiye aliyekubeba mgongoni kukushusha kilimani. Watu walisema alikubeba kwa sababu dhamiri ilimsuta.

Nilirudi Makindu nikashona sare za shule. Nilishona mikono ya shati upande usiofaa, nikafumua, nikashona tena vibaya. Kisha Ndinda akanipigia. Chifu ameitisha baraza, na mwenye shamba anataka Mutinda aondoke na familia yake, na hakuna mtu wa hapa atakayemkodishia pengine. Ndinda alinieleza kwa furaha. Alisema hatimaye Baba atapata haki yake.

Hapo nilikaa chini sakafuni katikati ya vitambaa. Ulisema uzikwe kwanza. Tumekuzika. Hukusema ninyamaze maisha yangu yote, na hukujua kwamba kuna mtu atafukuzwa na watoto kwa ajili ya mwenge wako. Ungejua, ungetoka hospitalini na bandeji zako uende barazani ukaseme mwenyewe. Hilo nina hakika nalo kuliko ninavyojua jina langu. Lakini kuwa na hakika ni jambo moja na kusimama mbele za watu ni jambo lingine. Nilipanda gari siku moja kabla ya baraza, na nilitamani liharibike njiani.

Barazani Mama alikuwa ameketi mbele, na leso yake ya msibani. Sikumwambia kabla, Baba. Nilijaribu asubuhi hiyo jikoni na sauti haikutoka. Alisikia pamoja na wengine wote. Nilisimama nikasema baba yangu ndiye aliyeangusha mwenge, aliniambia kwa kinywa chake, na Mutinda hana kosa. Mzee mmoja alisema huzuni imenichanganya akili, nipewe maji nikae. Nikasema sitaki maji. Ndinda alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

Ndipo Mutinda akasimama. Alisema ni kweli, alikukuta chini ya mti na mwenge na mkebe wa asali kando yako, akavifukia chini ya udongo wa tanuri lake kabla watu hawajafika. Alijua tangu siku ya kwanza! Walibomoa tanuri lake, wakamwita muuaji, na yeye amenyamaza. Chifu alimuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee ni mzee. Nilitaka azikwe kama mzee, na baada ya hapo nani angeniamini?" Baraza likaisha bila kufungwa kwa maombi, na hilo sijawahi kuliona.

Mutinda amebaki. Sitakudanganya kwamba watu walipanga foleni kumwomba msamaha. Vijana wawili watatu walikwenda wakamsaidia kujenga tena tanuri, aibu yao ilipopungua. Wengine wanapita tu wakimsalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Lakini Mama. Alitembea mbele yangu njia yote. Tulipofika getini akageuka akasema, "Umemzika baba yako mara ya pili." Akaingia ndani. Nilirudi Makindu siku hiyo hiyo, na kila nilipopiga simu alimpa Ndinda, na Ndinda akakata. Kwa muda mrefu sikuwa na baba, wala mama, wala dada. Nilikuwa nakuomba unitetee, ona ujinga wangu.

Kilichombadilisha si mimi. Mutinda alileta mkebe. Ndinda ndiye aliyenisimulia, siku aliponipigia akilia. Mama alikuwa ameutafuta mkebe ule nyumba nzima, akawasingizia watoto wa jirani. Mutinda akauweka mlangoni, umeungua, umekunjamana upande mmoja, na mkono wa waya aliousokota Mama mwenyewe ungali hapo. Mama akaunusa ndani. Akakaa chini pale pale mlangoni, akasema, "Angeniita. Ningekuja na maji." Alisema hivyo tu, mara nyingi, mpaka jioni.

Unasikia, Baba? Hangekucheka. Hangekuuliza sheria yako iko wapi. Angekuja na maji.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Mvua ilipokuja haikukuta nyasi za kuishika. Ilishuka kilimani na majivu na udongo, ikavunja matuta yale tuliyochimba na wewe upande wa juu, na kujaza silanga matope meusi. Ng'ombe walikataa kunywa, tukarudi kuchota mbali na punda. Mbuzi wanashushwa mpaka mtoni kutafuta majani. Nyuki hakuna. Sikujua kwamba kilima kina sauti mpaka kiliponyamaza. Wageni wa Ndinda walikuja baadaye, wakaleta mbuzi wao, wakala muthokoi, wakasifu. Mezani kulikuwa na sukari ya duka. Ndinda hakunywa chai yake, na mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Na wiki hii kumekuwa na mwethya. Ndiyo sababu nimekuja. Nyasi chache zilizoota zimeshaanza kukauka, kwa hivyo tumelima ule mstari tena, mpana kuliko ulivyouacha, na safari hii tumeupandisha mpaka kwenye mti wako na kuuzunguka. Imekubaliwa kwamba hakuna atakayerina asali kilimani peke yake. Lazima mwenzake awe chini na mchanga na maji, hata kama anayepanda ni mzee wa kanisa. Walipolitamka hilo walinitazama, nikacheka, na wao wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka wakikutaja. Mama alikuja saa ya jua kali na maji ya kunywa. Aliyabeba kwenye mkebe ule. Ameusugua kwa mchanga lakini weusi haukutoka. Alimpa Mutinda kwanza, kisha akaniletea mimi, akasimama akinitazama ninywe.

Usiku alisema, "Mwandikie. Mwambie nimemkasirikia." Basi nimekuambia. Tuko wawili.

Barua hii sitaichoma, usiogope. Nitaifukia chini ya jiwe la kichwani pako, Mama ameshanitolea jembe. Pumzika, Baba. Pumzika na haya yako imeisha, maana kila mtu anajua sasa, na bado wanakuita mzee.

Nami nakuahidi hivi: siku kitu kitakaponiponyoka mkononi kikawaka, hata kama ni changu, hata kama wote watanitazama, nitapiga nduru kwanza. Jana niliwasimamisha watoto kwenye kile kichuguu chetu, wangu na wa Mutinda, nikawafundisha ulivyotufundisha. Yule mdogo wa Mutinda alijitahidi mpaka akafumba macho, na kilichotoka ni kisauti cha mbuzi aliyekanyagwa. Alinitazama akingoja nimwambie arudie.

Nilimwambia inatosha, tutakusikia.

Mgeni wako,
Mueni